Moto wa Kuomba

Mama Olga alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na dawa yake haijapatikana kambini Nakivale wala mjini Mbarara: hakujua kunyamaza. Alipochaguliwa kuingia katika baraza la wakimbizi, wenzake walidhani wamempata muuza dagaa wa soko la Misiera atakayekaa benchi la nyuma, apige makofi mwenyekiti akimaliza, kisha arudi zake sokoni. Walijidanganya mchana kweupe.

Kikao cha mwezi wa tatu kilifanyika Base Camp, makao makuu ya kambi, katika chumba kile chenye mabati yanayopiga kelele hata kwa manyunyu. Mwenyekiti alikuwa Baudouin, Mkongo mwenzake Olga, mtu mpole aliyependa makaratasi kuliko wengine wanavyopenda nyama. Alifuta miwani, akasoma barua iliyotoka Mbarara. Mwandishi alikuwa Bwana Kanyesigye, mwenyekiti wa mtaa mmoja jirani na soko, askari mstaafu, na barua yenyewe ilikuwa fupi kama amri. Watu kumi na mmoja, kaya tisa, walioandikishwa Nakivale walikuwa wanalala nje, kwenye veranda za maduka ya mtaa wake. Wenye maduka walikuwa wamechoka. Baraza la mtaa lilitoa muda hadi Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tano. Siku hiyo, saa kumi na mbili asubuhi, angepita na polisi, na yeyote atakayekutwa kwenye veranda angepelekwa mahabusu.

"Kazi ya mwepesi," Baudouin akasema. "Tunatuma kamyo, inabaleta."

Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Lori lilikwisha kutumwa mara mbili mwaka uliopita. Mara zote mbili watu walishushwa Base Camp asubuhi, wakapigwa picha, na wiki haikuisha kabla hawajarudi Mbarara kwenye simenti yao. Hilo hakuna aliyetaka kulikumbuka, kwa kuwa lori lilipendeza sana kwenye ripoti.

Olga akasimama. Hakuomba ruhusa.

"Bale batu balirudia mara mbili," alisema. "Munazani banapenda simenti? Mutu akirudia kulala inje mara mbili, ni kusema kule munamurudishaka hakuna kitu. Mulibashusha fasi gani? Mu nyumba gani? Mwenye iko na jibu aseme, mimi nikae."

Hakuna aliyesema, basi naye hakukaa. Alitaka mambo yageuzwe: nyumba kwanza, lori baadaye. Na kabla ya nyumba, mtu aende akawaulize wenyewe ni nini kiliwaondoa na ni nini kitawafanya wakae. Baudouin alimtazama juu ya miwani, akamjibu kwa upole wake ule ule. Viwanja tisa vilikuwepo kijiji cha Kashojwa, vimetengwa, na waombaji walikuwa wengi. Angempa Olga vyote tisa awapangie watu wake. Ila hata mmoja wao akikutwa kwenye veranda Jumatatu ile, baraza lingevichukua viwanja na kuwapa wengine, na habari ya nyumba kwanza ingeishia hapo.

"Hata mumoja?" Olga akauliza.

"Hata mumoja."

"Andika," alisema Olga, na papo hapo akajua ulimi wake umemtangulia tena.

Wiki ile ile alikwenda Mbarara, akalala kwa binamu yake, na kulipopambazuka alikuwa mtaani kwa Kanyesigye. Mzee huyo alimngoja kando ya mtaro, amevaa buti za mpira na koti la suti.

"Nyabo, mama, mimi siko na vita na hii watu," alimwambia kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Lakini kila asubui wenye duka inakuja kwa nyumba yangu kabla sijakunywa chai. Polisi ikichukua hawa, wiki mbili inatoa, inarudi hapa hapa. Mimi nimechoka kufukuza watu ile ile."

Olga alimpenda palepale. Mtu aliyechoshwa na kazi ya bure ni mtu wa kufanya naye kazi.

Kwenye veranda ya duka la misumari, watu walikuwa wanakunja katoni zao. Mzee mmoja mwembamba alikuwa anafagia simenti kwa ufagio wa majani, taratibu, kona kwa kona, kana kwamba anangoja wageni. Huyo alikuwa Aloys, Mrundi wa kilimani huko Makamba. Olga alisimama akawaangalia kwa muda, akagundua kwamba pale hapakuwa na fujo hata kidogo. Diane, mama kijana mwenye binti wa miaka mitatu, alikuwa na nafasi yake katikati, ubavuni mwa ukuta, mvua isikofika. Wanaume wenye nguvu walilala pembeni, upande wanaopita walevi. Audace, mbeba mizigo wa sokoni, alipangiwa mwisho kabisa karibu na mtaro kwa sababu ya kukoroma. Aliyepanga yote hayo ni Aloys. Ugomvi wa blanketi ulipelekwa kwake, na akisema, umekwisha.

Mambo yake alimweleza Olga bila kujihurumia. Alikuwa na nyumba Nakivale. Mke wake aliugua, akamleta hospitalini Mbarara, akakaa naye miezi minne kwenye nyasi za nje ya wodi. Mke akafa. Aliporudi kambini alikuta mvua imeangusha ukuta, turubali imechukuliwa na watu, na jembe pia. Akarudi Mbarara, kwa sababu walau huko alipajua mahali mke wake alipolazwa.

Olga aliwauliza wote, mmoja mmoja, akaandika nyuma ya karatasi ya kufungia dagaa. Walitaka paa lisilovuja. Walitaka mlango wenye kufuli. Diane alitaka choo karibu. Audace alitaka shamba, hata dogo. Olga aliuliza kila kitu alichojua kuuliza, akaondoka kifua mbele.

Kazi ikaanza. Kwao Kongo wanaiita salongo, siku ya watu wote kushika jembe bila malipo, na Olga aliitisha salongo kila Jumamosi kwa wiki tano. Wasiotaka kuja aliwafuata dukani kwao, akasimama mlangoni na kuwasifu kwa sauti kubwa mbele ya wateja, kwamba ni watu wa huruma na bila shaka watafika kesho, mpaka wakafika kwa aibu. Kanyesigye naye hakumwangusha. Baraza lake la mtaa lilikaa, likaona kwamba miti ya kalitusi ni nafuu kuliko kuwafukuza watu maisha yote, na Jumamosi ya pili pikapu yake kuukuu iliingia Kashojwa imejaa nguzo mpaka bodi imekaa juu ya matairi. Mzee mwenyewe alivua koti, akaingia kwenye udongo, akaukanyaga na Wakongo na Warundi mpaka jioni. Wenye maduka wawili wa mtaa wake walituma mabati. Kati ya mvua na mvua, kuta zikapanda.

Nyumba tisa zilikabidhiwa katikati ya mwezi wa nne. Baudouin alikuwa kwenye sikukuu yake. Ili asilaumiwe kwa upendeleo alikata vikaratasi vyenye namba, kila mtu akachomoa chake, na nyumba ikawa ile aliyoichomoa: mmoja huku, mwingine kule, wengine ng'ambo ya kisima. Kila mmoja akapewa karatasi yenye muhuri wanaouita kashe, kufuli, sufuria, gunia la makaa na kiberiti. Hotuba zikapigwa. Aloys alichomoa nyumba ya mwisho kabisa kwa upande wa mashamba, alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Olga alirudi Misiera akiimba. Usiku ule alilala kama mtoto aliyeshiba.

Siku ya tisa simu ikalia akiwa anapanga mafungu ya dagaa.

"Nyabo," ilisema sauti ya Kanyesigye, "mzee yako iko hapa."

"Mzee gani?"

"Ile ya kufagia. Imerudi jana. Leo asubui ile mama ya mtoto nayo imekuja, na ile kijana ya kukoroma. Mimi nafanya nini, Nyabo? Jumatatu ni siku nne."

Habari mbaya haihitaji miguu. Kabla Olga hajafunga duka, Misiera nzima ilikwisha kujua. Wanawake wa nyanya walitingisha vichwa. Mmoja alisema kwamba watu wa veranda wamezoea veranda, ndiyo raha yao. Baudouin alikutana naye nje ya ofisi, hakucheka wala hakumsuta, na hilo lilimuuma Olga kuliko matusi. Alisema tu kwamba maneno yameandikwa, na yeye si mtu wa kufuta.

Olga alifika Mbarara amefura. Njia nzima alikuwa anapanga atakachosema, na alipomwona Aloys na ufagio wake alikimwaga chote. Alimwambia hana shukrani. Alimwambia watu walikanyaga udongo wiki tano kwa ajili yake. Alimwambia nyumba ile ingempata mama mwenye watoto sita. Aloys aliegemeza ufagio ukutani, akangoja mpaka pumzi zikamwishia.

"Mama, nyumba ni nzuri," alisema. "Sitasema uongo. Ni nzuri kuliko ile yangu ya zamani. Lakini ilikuwa baridi."

"Baridi? Si tulikupa makala? Si tulikupa na kiberiti?"

Aloys akakitoa kiberiti mfukoni, akakifungua. Hakikupungua njiti hata moja.

"Kwetu ku musozi, kule kilimani, nyumba mpya haiwashwi na kiberiti," alisema. "Moto wa kwanza unauomba kwa jirani. Unachukua kigae, unaenda ku mulango wake, anakupa kaa, unalileta kwako. Aliyekupa moto, huyo sasa ni jirani yako. Asubuhi akiona kwako hakuna moshi, anakuja kugonga. Ukiumwa anajua. Ukifa, yeye ndiye wa kwanza kujua." Alimwonyesha Audace kwa kidevu. "Nikifa hapa ku veranda, Audace atajua kabla chai haijachemka. Nikifa mule ndani mwenu, mama, nani atajua?"

Olga alikichukua kiberiti, akakifunga.

"Sasa si ungeomba?" alisema kwa sauti ndogo.

"Niliomba. Siku ya pili nilipata kigae cha chungu, nikaenda ku nyumba ya karibu. Nikasimama ku mulango. Sijasema neno, kwa sababu kwetu mwenye kusimama na kigae hana haja ya kusema. Yule mama akaangalia kigae. Akaniangalia mimi. Akasema, leo hatuna kitu, baba. Akafunga." Aloys alitazama mikono yake. "Alifikiri naomba chakula. Nina miaka sitini na moja. Sijaomba chakula ku mulango wa mutu hata siku moja. Nikakaa siku nyingine sita, ndani ya baridi, hakuna aliyepita. Nikasema, basi, narudi kule wanakonijua."

Diane alikuwa amekaa nyuma yake anamsuka binti yake. Alisema bila kuinua uso kwamba yeye naye alipochungulia asubuhi na kukuta nyumba ya mzee imefungwa, hakuweza kulala tena kule peke yake. Audace akasema hivyo hivyo.

Olga alikaa chini kwenye simenti, hapo hapo, na kitenge chake kizuri. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka. Bibi yake mzaa mama, kule Walungu, aliomba moto kwa jirani, na yeye Olga alipokuwa mdogo alitumwa mara ngapi na kigae chenye jivu chini ili asiungue! Alikuwa amesahau. Aliuliza habari za paa, kufuli na choo, na hakuuliza neno moja habari za jirani. Walimpa mzee nyumba kama mtu anavyoweka gunia ghalani.

"Turudi," alimwambia. "Nitakupeleka ku ule mulango mimi mwenyewe."

"Hapana, mama," Aloys akajibu, na hapakuwa na hasira ndani yake. "Siwezi kusimama pale mara ya pili."

Ijumaa Olga alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Baudouin. Alieleza yote kwa pumzi moja, akamaliza kwa kudai kwamba kila nyumba mpya ipate jirani wa kuipa moto, na baraza ndilo limtafute.

"Mama Olga," Baudouin alisema, akitafuta ukurasa, "baraza haiko na bidjeti ya moto."

"Moto haina bei!" Olga akapiga meza mpaka kashe ikaruka. "Njo nakuambia! Vitu vyote vya bei tulibapa. Kile cha bule njo tulisahau!"

Baudouin akavua miwani. Kisha akasema kwamba Jumatatu ni Jumatatu, na kwamba Jumapili baada ya misa yeye hatakuwa na kazi.

Mama wa mlango ule aliitwa Fébronie. Alikuwa Mrundi pia, mjane, Mkristo wa kila misa, mwenye miaka ishirini Kashojwa na migomba iliyopangwa vizuri. Olga alimkuta anachambua maharage uani. Siku za salongo Fébronie alikuwa shambani kwake mbali, na habari za watu wa veranda alizisikia kisimani tu: kwamba ni wezi, na kwamba ni ombaomba. Olga alipofika kwenye neno kigae, ungo ulimponyoka Fébronie, maharage yakatawanyika.

"Mana yanje! Mungu wangu!" akashika kichwa. "Kile kigae! Alikuwa anaomba moto! Mimi, mutoto wa ku musozi, nimemufungia mulango mutu anayeomba moto!"

Akalia, na kilio chake kilikuwa cha hasira. Miaka ishirini hakuona mtu wa kuomba moto. Kambini kila mmoja hununua kiberiti, na yeye mwenyewe alikuwa na viwili juu ya kabati. Aliona mwanaume mwenye nguo chakavu na chombo mkononi, akaona njaa, na siku ile kweli hakuwa na kitu.

"Hatakuja tena ku mulango wako," Olga alimwambia. "Amekataa. Na Jumatatu banamufunga."

Fébronie akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akasimama.

"Basi mulango utamufuata," alisema.

Jumapili, misa ilipotoka, pikapu ya Kanyesigye, aliyeitwa na Olga kwa simu, ilikuwa imesimama mbele ya migomba ya Fébronie. Mzee alipoona alichotakiwa kubeba alirudi hatua mbili. Kilikuwa chungu kikubwa cheusi, jivu chini, makaa mekundu juu, yametolewa dakika ile ile kwenye mafiga.

"Banange! Mimi napigana vita mbili," alisema, "lakini moto kwa gari sijabeba."

Hata hivyo alishusha dumu la mafuta nyuma ya gari, akaliacha kwa Baudouin, aliyekuja amevaa tai. Fébronie alipanda na nguo zake za kanisani, akakikumbatia chungu kwa magoti juu ya matambara yaliyolowa maji. Olga alikaa kando yake na gunia la makaa. Njia ya vumbi mpaka lami, kisha lami mpaka mjini, walikuwa wanapuliza kwa zamu, wanaongeza kaa, macho yanawachuruzika machozi ya moshi. Kwenye kizuizi askari alitaka kujua ni nini kinachofuka. Kanyesigye alitoa kichwa dirishani, akasema ni kazi ya serikali, akakanyaga mafuta kabla hajaulizwa serikali ipi.

Maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Aloys alikuwa amekaa kwenye veranda, mgongo ukutani, Diane na mtoto kushoto kwake, Audace kulia. Fébronie alishuka na chungu chake, akakitua kwenye ngazi ya simenti. Wapita njia wakasimama. Alisema kwanza kwa Kirundi, kisha akarudia kwa Kiswahili, ili mtaa mzima usikie.

"Ulikuja kwangu na kigae, nikakuona muombaji. Kosa ni langu. Mimi ndiye wa karibu yako, na huu ni moto wa kwangu, umetoka ku mafiga yangu leo. Siwezi kukutilia kwako bila wewe kuomba, unajua hivyo. Lakini mulango nimekuletea. Omba."

Aloys hakusogea. Olga alitaka kusema, alitaka kumsukuma mzee kwa maneno kama anavyosukuma watu wote, na kwa nguvu za Mungu hakusema. Ndipo Aloys akainuka. Alifungua kifurushi chake, akatoa blanketi, akatoa shati, na chini kabisa akatoa kipande cha chungu kilichovunjika. Alikuwa amekitunza. Akakishika kwa mikono miwili, akashuka ngazi moja.

"Mama," alisema, na sauti ikakatika, akaanza upya. "Mama, niko naomba moto."

Fébronie akachukua kaa moja kwa vijiti viwili, akaliweka kwenye kigae.

"Chukua, jirani."

Diane alipiga kigelegele ambacho kiliwatoa watu madirishani. Olga alilia waziwazi, bila hata kujificha. Kanyesigye aliinama kukagua tairi lisilo na shida yoyote.

Kabla hajapanda gari na Diane, mtoto na Audace, Aloys aliomba subira kidogo. Alichukua ufagio, akaifagia veranda kona kwa kona mara ya mwisho, akauegemeza kwenye mlango wa duka. Kaa lake likarudishwa chunguni lisizimike njiani, na safari hii chungu alikishika mwenyewe.

Nusura yote yaharibike Misiera. Jua lilikuwa linashuka, pikapu ikaingia sokoni inafuka moshi nyuma, na wanawake wa nyanya wakadhani gari linaungua. Watu wakakimbia na mabeseni. Mama mmoja mnene, hodari wa kutupa, alikwisha kuinua ndoo nzima.

Olga aliruka juu ya bodi. Kwa mara ya kwanza sauti ile iliyowachosha watu wa baraza mwaka mzima ilipata kazi inayoitosha.

"Musimwange mayi!" alipaza. "Ni moto wa Aloys! Ni moto wa nyumba! Mukimwanga mayi ntabalaani mpaka bajukuu!"

Ndoo ikabaki hewani. Kisha Mrundi mmoja mzee katika umati akakiona chungu, akakielewa, akaanza kuimba. Wengine wakadaka. Mpaka gari linafika Kashojwa lilikuwa linakwenda mwendo wa miguu, watu mbele na nyuma, madumu matupu yanapigwa, na Baudouin katikati yao, tai begani, anapiga makofi nje kabisa ya mdundo. Aloys alifungua kufuli. Aliingia peke yake na kaa lake, na watu wote wakanyamaza nje. Dakika zikapita. Halafu moshi ukachungulia chini ya bati, mwembamba, ukapata njia, ukatoka. Kelele zilizopigwa hapo zilisikika ng'ambo ya kisima. Fébronie alisimama uani kwake akiutazama moshi ule, akasema kwa sauti, ashuhudiwe, kwamba kuanzia kesho asipouona asubuhi atakuja kugonga.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu simu ililia.

"Nyabo, natembea mtaa yote na polisi," alisema Kanyesigye. "Veranda yote. Nakuta paka moja tu. Paka mimi siandike."

Olga alicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Alifunga kilemba, akaenda kumtafuta Baudouin, na akamkuta ameshakaa mezani. Mbele yake ilikuwa fomu ya kugawa viwanja, ile ya zamani, na chini ya mistari ya jina, namba na kashe alikuwa amechora kwa rula mstari mwingine: jirani atakayetoa moto. Wajumbe wote, alisema bila kuinua uso, wangeujaza kwa miguu yao, mlango kwa mlango, kabla mtu yeyote hajakabidhiwa kufuli. Viwanja tisa vilibaki kwa wenyewe.

Olga akateremka Kashojwa akitweta, amebeba habari zote hizo mdomoni. Alipokaribia nyumba ya mwisho alisimama. Usiku Diane, mtoto na Audace walikuwa wamelala kuzunguka moto wa Aloys, na sasa Diane alikuwa mlangoni kwa mzee, amevaa kitenge kilichofuliwa, hasemi neno. Mikononi alishika kipande cha chungu, kipya kuvunjika, na jivu kidogo chini.

Aloys alitoka na vijiti viwili. Alikitazama kigae, akamtazama Diane, na uso wake wote ukafunguka.

"Karibu, binti yangu," alisema. "Leo tuna kitu."

Olga alikuwa na maneno mengi ya kusema. Akasimama kando ya njia, akanyamaza, mpaka Diane alipopita na kaa lake.